Jiwe la Kushoto mwa Kichaka

Majina yao wote ninayo. La kiongozi wa safari, la daktari wa meno, la mkewe, la dereva, na la mama yake dereva ambaye sikuonana naye ila tulisalimiana kwa simu. Sitayaandika kwa sababu hawakunipa ruhusa. Nitawaita kwa kazi zao, na wakija kusoma watajijua wenyewe.

Safari ilianzia mezani kwetu Al Baraha, katika fleti ya mwanangu. Mwanangu ni msimamizi wa ghala kule Dubai Investments Park. Hutoka alfajiri na kurudi jioni miguu imemvimba, na mtu aliyevimba miguu si wa kuombwa ruhusa. Mjukuu wangu hilo analijua tangu ana meno ya utoto, lakini siku ile neno lilimtoka kabla baba yake hajamaliza wali.

"Baba, kuna mtu anataka kunijaribu kazi Moroko."

"Kazi gani?"

"Kuwaonyesha watalii ndege."

Mwanangu akatafuna, akameza. "Kwani hawana macho?"

Msichana akaeleza. Miaka sita amekaa mapokezi ya hoteli, anacheka na wageni mpaka mataya yanamuuma, na siku zake za mapumziko anawachukua wapenda ndege mpaka Hatta, kwenye bwawa na mashamba. Mmoja wa wageni hao ni Mwingereza mzee mwenye kampuni yake ndogo ya safari za kutazama ndege. Alimpenda kwa macho yake makali, akamwambia: njoo siku kumi na wateja wangu wawili, nikuone unavyofanya. Ukifaa, safari za kila mwaka za Moroko ni zako. Usipofaa, rudi mapokezi ukacheke.

"Siku kumi milimani na wanaume," akasema mwanangu. "Hapana. Khalas."

Mkewe alikuwa Unguja akimuuguza mamake, kwa hiyo mezani hapakuwa na wa kumtetea msichana ila mie. Nikasema nitakwenda naye.

"Mama, una magoti."

"Kila mtu ana magoti."

Akanitazama, akamtazama binti yake, akaweka kijiko chini. "Sawa. Lakini asitoke machoni mwako. Mkirudi nitakuuliza wewe, mama, si yeye. Utakaloniambia ndilo nitakalolishika."

Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyojikuta ana mahakimu wawili, Mzungu mmoja na mie.

Mie shule niliishia darasa la nne. Lakini chuoni, kwenye Kurani, nilifika mbali, na chuoni mtu huhifadhi kwanza akaja kuelewa baadaye. Kila jioni msichana alikaa jikoni akisoma kwa sauti orodha ya ndege wa Moroko, kwa Kiingereza, na mie nakata vitunguu. Sikuwa na nia ya kujifunza. Wiki ya pili alikwama katikati ya kipozamataza, ambao ni wengi na wote wana rangi ya vumbi, na mie nikamwendelezea waliobaki bila ya kuinua kisu. Akaniuliza, "Bibi, unajua hata mmoja wao yukoje?" Sikujua. Majina tu yalikuwa yamepangana kichwani kama vikombe kabatini.

Tulipotua Kasablanka kiongozi, yule Mwingereza, alikuwa anatungoja na wateja wake. Kiongozi alikuwa mrefu, amekauka, kofia imepauka kwa jua, na alipomtazama mtu aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku. Daktari wa meno alikuwa ameshastaafu, lakini mikono yake haikujua. Aliponipa mkono macho yake yalikwenda mdomoni mwangu kwanza. Meno yangu ni ya kuvaa, nimetengenezewa Deira, hapohapo Dubai, na ni mazuri. Akainamisha kichwa kwa heshima, fundi kaona kazi ya fundi mwenziwe. Mkewe alikuwa mnene, mchangamfu, na mfuko wa nyuzi za kufumia begani. Dereva ni wa hukohuko, na Kiarabu chao wanakisema kama wana haraka ya kukimaliza. Cha kwetu cha Ghuba alikielewa zaidi kuliko mie nilivyokielewa chake, na palipotushinda tulitumia mikono. Akaniita Hajja tangu dakika ya kwanza.

Siku ya tatu tulipanda milimani. Theluji nilishaiona Dubai, ndani ya duka kubwa, inalindwa na kukatiwa tiketi. Kule imemwagwa bure mpaka kando ya barabara na mbuzi wanaikanyaga. Walitafuta ndege mmoja mnene mwenye waridi mbawani. Wakatembea saa mbili wakimtafuta mabondeni, na mie nimebaki garini na mke wa daktari, yeye anafuma, mie natazama. Kumbe ndege wenyewe walikuwa pale, wanane, wanaokota makombo ya mkate chini ya gari letu. Nilipowaambia waliporudi, daktari alilala kifudifudi kwenye matope ya theluji na kamera yake, na mkewe akainua miguu ili asije akapigwa picha soksi.

Jioni ile, kabla ya chakula, ndipo nilipoiona desturi yao kwa mara ya kwanza.

Wakishaoga, wote hukaa meza moja. Kiongozi hutoa orodha ileile ndefu, husoma jina moja moja kwa mpango, na kila mmoja mwenye karatasi yake husema ameona au hakuona, akatia alama. Hakuna anayeulizwa ushahidi. Ukisema umeona, umeona.

Nikamuuliza mjukuu wangu, "Na mtu akisema uongo?"

"Hasemi, Bibi. Ni uaminifu tu."

Sasa, mie nimekulia Unguja, na kwetu neno "nimeona" halisemwi hivihivi. Ikifika siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, mtu akija kusema ameuona mwezi, hapongezwi. Hukalishwa chini akaulizwa: ulikuwa umesimama wapi? Ulikuwa upande gani wa jua? Pembe zake zilielekea wapi? Ulikuwa na nani? Mwaka mmoja, mie msichana mdogo, jirani yetu mmoja alikuwa na kanzu mpya ya Idi inamuwasha mwilini, akaapa kauona mwezi. Wazee wa mtaa wetu wakamwamini bila kumhoji. Tukapika, tukala, tukatembeleana, na kumbe mji mzima uliobaki umefunga. Mtaa mzima tulikuja kuilipa siku ile, na yeye aliilipa akiwa amevaa kanzu yake, maana watoto tulimfuata nayo tukimzomea. Tangu hapo mtu akiniambia ameona kitu, ulimi wangu wenyewe huuliza upande gani.

Basi kiongozi alipolitaja jina la kigogota, na daktari akasema ameona, nikamwambia mjukuu wangu, "Muulize alikuwa juu ya mti au ubavuni."

"Bibi!"

"Muulize tu."

Akamuuliza kwa aibu. Daktari akafurahi, akasimama, akajikunja kuigiza kigogota alivyoshika shina, mpaka mhudumu wa hoteli akadhani kashikwa na mgongo. Tangu jioni ile ikawa mchezo wetu. Kiongozi akisoma jina, daktari akisema ndiyo, wote wananigeukia. "Maswali, Bibi?" Na mie nauliza: alikuwa anakula nini, aliruka kwenda wapi, nani alimwona mwanzo. Halafu nikaanza kuwakumbusha, maana orodha nilikuwa nayo kichwani na siku nilikuwa nayo pia. "Huyu daktari hakumwona, alikuwa anafunga kiatu." Daktari akapiga meza kwa kicheko, akakata alama yake. Hudihudi waliruka mbele ya gari akiwa chooni, nikalisema na hilo. Mkewe yeye alisema ndiyo kwa kila alichosema mumewe ndiyo, na hakuinua macho kwenye nyuzi zake.

Mjukuu wangu aliniambia chumbani, "Kiongozi anafurahi. Kasema hajapata kuwa na jioni kama hizi." Akavua viatu, akajitupa kitandani. "Bibi, nadhani nitaipata."

Siku ya sita tukafika jangwani.

Hapo lazima niseme kilichompeleka daktari Moroko. Hakwenda kwa theluji wala kwa vigogota. Alikwenda kwa ndege mmoja wa jangwani ambaye sie Unguja jamaa zake tunawaita mpasuasanda. Ni ndege wa usiku; mchana hulala chini peupe, na rangi yake ni ya mchanga na kokoto, basi unaweza kumkanyaga ukamwomba radhi. Kwetu akilia karibu na nyumba watu hufunga dirisha. Daktari alikwenda nchi ile mara tatu kumtafuta na mara tatu akarudi bila kumwona. Wenziwe wa klabu ya ndege huko kwao walimwona wote. Kama angemwona safari hii, aliahidi, mwakani angeileta klabu nzima kwa kiongozi wetu. Kwa hiyo kiongozi alimtaka yule ndege, daktari alimtaka yule ndege, na mjukuu wangu alimtaka yule ndege kuliko wote wawili.

Kuna mzee mchungaji wa ngamia ambaye kazi yake ya pili ni hiyo. Alfajiri hutafuta ndege kalala wapi, kisha hukaa mbali, akachemsha chai, akangoja wageni. Alitupeleka kwa miguu mpaka penye kichaka kimoja kikavu, akasimama, akanyoosha fimbo yake. Mie nilikuwa nyuma kidogo, dereva kanishika mkono, na fimbo niliiona vizuri: ilielekea kulia mwa kichaka.

Kiongozi akaweka darubini yake kubwa juu ya miguu mitatu. Akainamisha kichwa, akakodoa, akasogeza, akakodoa tena. Halafu akanong'ona kwa furaha, "Huyu hapa!" Daktari akachungulia, akashika moyo. Mkewe akachungulia, akasema ni mzuri mno. Mjukuu wangu akachungulia muda mrefu kuliko wote. Akainua uso, akatazama kulia mwa kichaka, akamtazama kiongozi, akasogea pembeni. Zamu yangu ilipofika nikaona jiwe. Nikangoja lipumue. Nikaona jiwe.

Nikadhani labda ndivyo ndege yule alivyo. Macho ya darubini sijayazoea. Lakini nilipojitoa nikaona kuwa lile bomba limeelekea kushoto.

Mchungaji alitaka kusema kitu. Daktari alikuwa keshamkumbatia. Watu wazima wawili wakarukaruka mchangani, mmoja na kilemba, mmoja na kamera. Kila mtu akapiga picha kupitia darubini, na kabla hatujafika kwenye gari daktari alikuwa ameshaituma picha kwa klabu yake yote, na klabu imeshaanza kumpongeza, simu inalia kama kuku anayetaga.

Jioni tukakaa mezani. Daktari alikuwa amechana nywele na kuvaa shati la mikono mirefu. Kiongozi akasoma majina taratibu, makusudi, akivuta mpaka alipofika pale. Akalitaja.

"Ndiyo!" akasema daktari, sauti ya bwana harusi anayeulizwa kama amekubali.

"Ndiyo," mkewe, sindano zinakwenda.

"Ndiyo," kiongozi mwenyewe. Halafu akanigeukia anacheka. "Maswali, Bibi?"

Nikamwambia mjukuu wangu, "Muulize kichwa cha ndege kilielekea wapi."

"Bibi, leo basi."

"Muulize."

Akauliza. Daktari akasema kushoto. Mkewe, wakati uleule, akasema kulia. Kiongozi akasema hapana, alikuwa anatutazama sisi. Wakatazamana. Vichwa vitatu kwa ndege mmoja. Kwetu wangeambiwa nendeni nyumbani, kesho mfunge. Wakacheka, na jambo lingepita kwa kicheko. Lakini mjukuu wangu hakucheka. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi na haikuandika.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Na wewe?"

"Usiniulize, Bibi."

"Nakuuliza."

Akatazama kitambaa cha meza. "Niliona jiwe."

"Na ndege?"

"Alikuwa kulia, pale mzee alipoonyesha. Nilimwona alipofumbua jicho kidogo. Kiongozi aliweka darubini kwenye jiwe la kushoto. Haoni vizuri, Bibi. Tangu milimani haoni vizuri. Mimi ndiye ninayemwona ndege kwanza, naye anamtafuta kwa sauti yangu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nimwambie mtu atakayenipa kazi, mbele ya wateja wake, kwamba anawaonyesha mawe?"

Kiongozi akasogea mbele, bado anatabasamu. "Anasema nini Bibi?"

Mdomo wangu ndio uliomfikisha pale, na sasa wote wanamngoja yeye. Angeweza kusema bibi anauliza chakula ni saa ngapi. Nilitaka kumkanyaga mguu chini ya meza nimwambie, sema hivyo, mwanangu, sema bibi ana njaa. Badala yake nikasema, "Watafsirie utakavyo. Mie nimemaliza."

Akaweka kalamu chini. Akasema kwa Kiingereza, maneno machache. Miaka arubaini ya Dubai imenipa Kiingereza cha masikio ingawa si cha mdomo, na neno la jiwe nalijua. Alilisema mara mbili, na la pili sauti ilikuwa imesimama kuliko la kwanza.

Hata mhudumu aliyekuwa anamimina maji aliacha kumimina.

Mke wa daktari ndiye aliyeanza. Bega lilimtikisika, halafu kifua, halafu akaangusha nyuzi akacheka mpaka akalia. Akasema, na msichana akanitafsiria baadaye, kwamba yeye hajamwona hata ndege mmoja tangu tuingie jangwani. Anasema ndiyo ili chakula kije.

Daktari hakucheka. Alitoa simu yake, akaitazama picha, akaiweka karibu, akaiweka mbali. Halafu akachukua kalamu akakata alama yake, mkato mmoja safi, kama anayepasua ufizi. Kisha akaanza kuwaandikia klabu. Aliandika, akafuta, akaandika. Nadhani jino gumu kuliko lile hajapata kuling'oa.

Kiongozi alikunja orodha yake, akasema usiku mwema, na chakula kikaja yeye hayupo.

Chumbani mjukuu wangu alipanga nguo zake zote mkobani kana kwamba tunaondoka kesho kwenda nyumbani, na mie nilijilaza nikajiuliza ni nani aliyenituma kuhoji watu juu ya mambo yasiyo mwezi wala Idi.

Asubuhi kiongozi alikuwa wa kwanza kwenye gari. Akasema turudi kwenye kichaka. Tukarudi. Jiwe lilikuwepo. Ndege hakuwepo, kulia mwa kichaka palikuwa na kishimo kidogo cha kifua chake tu. Mchungaji akasema kahama na hajui kaenda wapi. Dereva akamuuliza kwa ajili yetu, jana mbona hukutuambia? Mzee akasema, "Niliona mmefurahi sana. Nikasema labda wageni hawa wanapenda mawe."

Msichana na mchungaji wakatafuta saa nzima, hatua kwa hatua, jua linapanda. Hawakumpata. Daktari alichuchumaa mbele ya jiwe lake, akaligeuza kwa kidole, akatazama chini yake. Alipoinuka alisema kitu kifupi.

"Anasema sasa lazima aje mara ya tano," mjukuu wangu akaniambia.

Mkewe akajibu neno ambalo msichana alikataa kunitafsiria.

Njia ya kutoka jangwani mpaka pwani ni siku mbili, na nusu ya kwanza garini kila mtu alitazama dirisha lake kama yuko kwa wakwe. Tuliposimama kunywa chai kiongozi alikuja kukaa kwenye benchi langu. Akamwita mjukuu wangu atutafsirie. Akauliza nilijuaje kwamba haoni.

"Kwa shingo," nikamwambia. "Unavyoinamisha kichwa ndivyo nilivyokuwa nikiinamisha mie. Una mtoto wa jicho. Mie walinifanya Dubai, la kulia kisha la kushoto, na nyumbani nilirudi siku hiyohiyo."

Akazungusha kikombe. "Iliuma?"

"Haikuuma. Kilichoniuma ni kuona jikoni kwangu kulivyokuwa kuchafu."

Alicheka kidogo, akafuta macho, na sikumuuliza kama ni ya kicheko.

Siku ya mwisho tulikuwa pwani, juu ya jabali, tukiwatazama kwarara wenye vipara wanavyorudi kutoka mawindoni. Ndege wabaya wa sura, wapole wa mwendo, wanapigana midomo kama wazee wanaosalimiana. Kiongozi alimchukua msichana pembeni, hatua kumi tu, machoni mwangu kama mwanangu alivyoagiza. Nikaona midomo inakwenda na maneno siyasikii. Nikaona msichana anashika mdomo wake kwa mikono miwili. Mie nikashika mkono wa dereva nikaubana mpaka akasema, "Hajja, huu ni wa kuendeshea."

Akaja anakimbia. "Kanipa! Kasema wateja wa kupiga makofi anao wengi, anayemwambia kaweka darubini kwenye jiwe hana. Atakwenda kufanywa macho, na safari ya mwakani naongoza mimi. Daktari kasema anakuja na klabu, lakini lazima mimi ndiye niweke darubini."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona unanitazama hivyo?"

"Kuna sharti moja, Bibi."

"Lipi?"

Akaona haya. "Wewe ubaki nyumbani. Kasema watu wanane wa klabu wakihojiwa na wewe kila jioni hawatakula mpaka alfajiri."

Kwa hiyo tulirudi Dubai na kazi iliyo na masharti mawili, la bosi kwamba nisiende na la baba kwamba niende.

Mwanangu alitupokea, tukala, akangoja sahani zitolewe. Kisha akamwambia binti yake anyamaze, akanigeukia. "Haya, mama. Alitoka machoni mwako?"

"Alitoka. Milimani, saa mbili. Na mara nyingi nilisinzia garini."

Msichana akafunga macho.

"Mama! Nilikwambia nini?"

"Uliniambia utaniuliza na nitakujibu. Nakujibu." Nikamweleza yote tangu theluji mpaka kwarara, na nilipofika penye meza na neno la jiwe sikuharakisha. Nikamwambia na sharti la bosi.

"Basi haendi," akasema. "Peke yake na watu wanane? Atakwenda na nani?"

"Na macho yake."

Akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo picha ya huyo ndege, niione iliyowagombanisha."

Mjukuu wangu akampa simu. Mwanangu akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku, uso ukamng'aa.

"Sasa huyu si huyu hapa? Mdomo huu, jicho hili, bawa kalikunja. Mbona anaonekana wazi!"

Mie nikatazama vidole vyangu. Hili halikuwa langu.

"Baba," akasema msichana, "hilo ni jiwe."

"Jiwe gani lina mdomo?"

"Hilo, baba. Ni jiwe."

"Mimi baba yako nakwambia naona mdomo."

"Na mimi nakwambia ni jiwe. Nililishika kwa mkono wangu."

Mwanangu akamtazama juu ya miwani kwa muda. Mtoto yule hajapata kumbishia baba yake mara mbili mfululizo, na hakuinamisha uso.

"Na yule Mzungu ulimwambia hivihivi? Mbele ya wateja wake?"

"Hivihivi."

Akarudisha macho kwenye simu, akaikuza picha zaidi, akaigeuza juu chini.

"Lina mdomo," akasema polepole. Kisha, bila ya kuinua uso: "Unaondoka mwezi gani?"